Kilomita Tisa za Mapea

Simu nimeifunga kwenye usukani
kwa mipira miwili ya kufungia chupa za jamu,
na juu yake mfuko wa mkate, mtupu.
Kaka yangu Teunis angecheka,
yeye wa kishikio cha chuma chenye skrubu nne
na bisibisi mfukoni, hata kanisani.

Safari hii ni yake. Aliirekodi Septemba iliyopita,
kabla ya kile kitanda cha hospitali kule Tiel.
Mjane wake, Geertrui, alipoipekua simu yake
alinirushia faili: "Sijui uifanyie nini. Ichukue."
Basi setilaiti, huko ziliko, zimenishika mkono,
na mstari wa buluu unatambaa juu ya tuta la mto Waal
kama uzi uliofumuka kwenye sweta yake.

Mwanamke wa ndani ya simu hahemi.
Baada ya mita mia mbili, geuka kulia.
Majina ya vijiji vyetu anayatamka
kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.
Upepo unanisukuma kifua; yeye upepo haujui,
kwake tambarare ni tambarare.
Manyunyu yakianza, kila tone hujifanya kidole:
ramani inapanuka, inasinyaa,
inaniuliza kama natafuta hoteli.
Nafuta kioo kwa mkono wa koti. Gurudumu linayumba.
Mzee mwenye mbwa kikapuni ananipita, kengele mbio mbio:
"Tazama njia, mama, hiyo si televisheni!"

Natazama njia. Dakika tatu hivi.

Kisha, nikilipita shamba la pili la mapea,
mstari unafanya kioja.
Unafika kwenye geti jeupe, unasita,
unarudi nyuma mpaka kijiji nilichokwisha kukiacha,
unakuja tena pale pale, geti lile lile,
halafu unajiendea zake kana kwamba hapakuwa na neno.
Kilomita nne na nusu kwenda, nne na nusu kurudi.
Nilipouona nyumbani, mezani, nilisema: alipotea.
Usiku nikasema: ugonjwa ulikuwa umeshamwingia kichwani
nasi tulikuwa tukimcheka kwa kusahau miwani.

Mwanamke wa simu ananiamuru nigeuke.
Sigeuki. Nashuka.

Getini pana meza, mizani yenye kutu
isiyopima tena kitu, mifuko ya karatasi ya mapea,
na kopo la biskuti lililotobolewa mfuniko.
Kibao, mwandiko wa mkono: Mfuko euro mbili. Chenji hakuna.
Najipapasa. Nina noti ya hamsini
na kadi. Kopo halijui kadi.

Loo, Teunis.

Namwona amesimama hapa hapa, noti mkononi,
hakuna wa kumwona ila kondoo wa tutani,
na pea moja, namjua mimi, ameshalimega.
Wangapi wangesema: nitalipa nikipita tena?
Njia ya mwongo ni fupi, hivyo husemwa.
Ya kaka yangu ilikuwa na kilomita tisa za ziada,
na kifua kile, na upepo huu,
kwa euro mbili.

Nachukua mfuko mmoja. Nalimega langu,
maji yake yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko,
kisha naielekeza baiskeli kijijini, nikavunje noti.
Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi upepo uko mgongoni.
Naye uliwahi kumsukuma hivi, mwepesi kama mtoto,
huku akijua vizuri utakavyomngoja wakati wa kurudi.

Mwanamke wa simu hana la kusema.
Niko juu ya mstari.
Chaji, asilimia sita; haitafika.
Si kitu. Geti ni jeupe.